Hatua Sitini na Mbili Kutoka Kwenye Bikoni

Mwezi wa tatu mwaka huu alinipigia simu binti mmoja wa ghala la makumbusho, akaniuliza kwa Kiswidi kama mimi ndiye yule Mwanahawa aliyekuwa akichora ramani pale zamani. Nikamjibu ndiyo, na kwamba nimestaafu, na kama ni maswali ya utafiti sina nafasi. Akasema Doktari Westlin amefariki, na kadi zake zote za maeneo ya kale ya Misri sasa zinaingizwa kwenye kompyuta. Kila kadi imepata mahali pake isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa nyuma kabisa ya droo, baada ya makaburi ya Aswani, imebandikwa kipande cha barua kwa lugha wasiyoijua, na pembeni pana jina langu. Akaanza kunisomea, akisita kwenye kila neno: "Kutoka kwenye bikoni, uso ukielekea mtoni, hatua sitini na mbili." Nikamwambia angoje. Nilikuwa jikoni kwangu Hässelby, maharage yako motoni, nikakaa chini pale pale sakafuni, mtu mzima wa miaka sabini na mitano, kwa sababu yale yalikuwa maneno ya mama yangu. Vilikuwa vipimo vya kaburi la mwanangu, na nusu karne nzima nilikuwa sina namna nyingine ya kulijua lilipo.

Watu wa hapa wakisikia kwamba nilikuja Stockholm mwaka 1968 kuchora miji na makaburi ya Wamisri wa kale hudhani nilikuwa na bahati. Bahati gani? Mimi nilikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya ardhi Dar es Salaam, mwanamke peke yangu kati ya wanaume kumi na wawili, na nilitumwa mwaka mmoja kujifunza kuchora ramani kutokana na picha zilizopigwa na ndege. Nchi ilikuwa mpya, vijiji vinapangwa, ramani za mkoloni hazitoshi. Nilipofika, ofisi iliyonipokea ikanipeleka kwenye chumba cha chini ya ardhi cha jumba la makumbusho, ambako Doktari Westlin alikuwa akihitaji mtu wa kumchorea ramani kubwa ya ukutani. Nilimsikia kwa masikio yangu yule karani akimweleza mwenzake mlangoni. Kiswidi changu kilikuwa cha majuma sita, lakini kile nilikielewa: huyu anatoka Afrika, na Misri iko Afrika, kwa hiyo kazi itamfaa. Niliandika barua ya kulalamika. Nikajibiwa kwamba malalamiko yangu yamepokelewa. Niliandika ya pili, nikajibiwa vile vile, karatasi ile ile, saini ile ile.

Chumba chenyewe bado nakiona. Dirisha moja lilikuwa juu, usawa wa njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo mwaka mzima nilitazama viatu vya watu. Chini ya dirisha palikuwa na chuma cha kupasha joto kilichogonga kutwa, na kando yake meza yangu, taa yenye shingo ndefu, chupa za wino mweusi na mwekundu, na ile karatasi ngumu ya plastiki inayopitisha mwanga. Kwenye karatasi hiyo kosa halifutwi kwa raba. Unachukua wembe, unakwangua wino taratibu mpaka uondoke, unapalainisha kwa ukucha, halafu unachora upya, na ukikwangua kwa hasira unatoboa kazi ya wiki mbili. Nilitoboa mara tatu kabla ya Krismasi. Saa tisa alasiri giza lilikuwa limeshaingia, na saa tisa hiyo hiyo watu wote wa jumba walipanda juu kunywa kahawa na keki za mdalasini, wakakaa nusu saa kamili, na kutokwenda ilikuwa utovu wa adabu. Nilikuwa nakaa mwisho wa meza. Siku moja nilisikia bibi mmoja wa maktaba akimwambia jirani yake kwamba yule mwanamke wa Tanzania anachora vizuri sana, lakini kwa nini amekasirika kila siku. Alisema mbele yangu, polepole, akidhani sielewi. Nikampitishia sukari.

Doktari Westlin alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, nywele amezikata kama mwanamume, na alikuwa hasemi neno ambalo hana haja nalo. Alikuwa amechimba Misri miaka mingi. Kila mahali alipopajua alikuwa na kadi yake, na kadi hizo hakuzipanga kwa alfabeti wala kwa nchi. Alizipanga kwa mto. Unaanza kwenye mdomo wa Nili, unapanda nao kuelekea kusini: Tanisi, Bubasti, kisha Giza na piramidi zake, Memfisi mji mkuu wa kale na Sakara walikozikwa watu wake, Amarna, Abido, Thebesi, hadi Aswani. Miji alinitaka niichore kwa kijivu, duara nyembamba. Makaburi yawe mekundu, nukta iliyojaa. Nilimuuliza kwa nini wafu wapate rangi na walio hai wasipate. Akaniambia miji yao ilijengwa kwa matofali ya udongo huko bondeni, mto ukaifunika, wakulima wakalima juu yake. Wafu waliwekwa kwenye mwinuko mkavu, maji yasikofika, ndani ya mawe. Walio hai hatujui walilala wapi, akasema, lakini wafu tunawajua kwa majina.

Hilo liliniudhi kuliko alivyokusudia, kwa sababu mimi ni mtu wa bonde la Rufiji. Kwetu pia watu walilala bondeni, wakalima mpunga mto ukishuka, na wafu wao wakawazika kwenye tuta maji yasikofika. Na mwaka ule ule serikali ilikuwa ikiwahamisha watu wa bondeni kuwapeleka juu, kwenye vijiji vipya vilivyonyooka, karibu na barabara. Ramani ya kijiji kipya cha mama yangu niliichora mimi mwenyewe kabla ya kusafiri. Shule, zahanati, kisima, mistari ya nyumba. Kwenye orodha yetu ya alama za ofisi palikuwa na alama ya kisima na alama ya ghala la pamba, lakini ya makaburi ya watu wa kawaida haikuwepo, basi sikuyachora. Wala halikunijia akilini. Wazee walipokuja ofisini kulalamika kwamba makaburi ndiyo yanayoonyesha shamba ni la nani, niliwaambia ramani ni ya walio hai. Nilisema hivyo mimi, nikiwa na kalamu mkononi, na mwanangu yuko kwenye tuta lile lile.

Ya nyumbani kwangu siyaandiki hapa, ila hili lazima. Mwanangu wa kwanza aliishi miezi minne. Homa ilimchukua siku mbili, tukiwa kwa mama bondeni, wakati wa masika. Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Wanaume walimbeba, sisi tukabaki ndani, na niliyaona mabega ya mjomba yakipotea kwenye matete, basi. Wiki iliyofuata maji yalipanda na mimi nikarudi kazini Dar es Salaam. Baadaye sikuwa na moyo wa kwenda. Nilijiambia nitakwenda tu, kaburi halihami.

Jumapili nilikuwa nikipanda treni hadi Södertälje kwa Kulwa, Mnyamwezi wa Tabora aliyekuwa akijifunza ufundi kwenye kiwanda cha malori. Yeye na mimi ni watani, na utani ndio uliotuzuia tusilie. Alikuwa akisonga ugali kwa unga wa ngano wa kupikia uji, unanata kama gundi, tunakula na kabichi na samaki wa kopo ambaye Waswidi wamemtia sukari kwa sababu wanazozijua wao. Ni Kulwa aliyeniambia kwamba bondeni kwetu sasa wanamaliza kuhamisha watu, amesoma katika gazeti la nyumbani lililofika likiwa limechelewa mwezi mmoja. Akacheka, akasema sisi watani tunatakiwa kwenye misiba yenu, sasa mkihama mkaacha makaburi, mimi nitakwenda kufanya vurugu wapi? Nilicheka naye. Halafu nikaweka tonge chini, na yeye akaona, akaniongezea ugali nisiouhitaji.

Nilikuwa nimefika Abido kwenye ramani. Doktari alinieleza kwamba Abido palikuwa mahali patakatifu, na kila mtu wa Misri alitamani awe jirani na mungu wao wa wafu. Wasioweza kuzikwa pale, kwa umbali au kwa unyonge, walipeleka jiwe tu lenye jina. Mwili uko kwingine kabisa, huenda mbali, lakini jiwe liko Abido na anayepita anasoma jina. Nikamuuliza ilitosha? Akasema wao waliona inatosha. Siku hiyo sikupanda kunywa kahawa. Pembeni mwa ramani yetu palikuwa na ramani ndogo ya bara zima la Afrika, ukubwa wa kiganja, ya kumwonyesha mtazamaji Misri iko wapi. Nikachukua kalamu nyembamba kuliko zote, nikaichovya kwenye wino mwekundu, nikaweka nukta moja kwenye pwani ya Tanzania, mahali ambapo Rufiji inakaribia bahari. Haikuzidi chembe ya mchanga. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu nishuke kwenye ndege.

Doktari aliiona siku ya tatu. Alikuwa akikagua kila ramani kwa kioo cha kukuzia, sentimita kwa sentimita. Akaniita. "Hii ni nini?" Nikamwambia ni kaburi. Hakukunja uso. Aliniuliza maswali matatu aliyomuuliza kila mtu aliyemletea habari za kaburi lolote, awe profesa au mkulima wa Misri: "Nani ameliona? Limepimwa kutoka wapi? Siku gani?" Mimi sijaliona. Mama hajaliona. Limepimwa kutoka wapi, sijui, ni kwenye tuta, nyuma ya matete. Tarehe ya maziko nilikuwa nayo, hiyo tu. Niliweza kukuonyesha kaburi la mwandishi wa mfalme aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita bila kukosea hata mita, na la mwanangu nilikuwa nimeliweka kwa kukisia. Nilimwambia ni mtoto wangu. Akainuka, akaniletea wembe. "Kama hujui lilipo," akasema, "umemweka mahali ambapo hayupo." Nilikwangua. Nilikwangua polepole nisitoboe, na nilimchukia vile ambavyo sijapata kumchukia mtu.

Usiku ule ule niliandika barua nyumbani. Nilimwomba mama atafute mtu wa kumwonyesha, apime kutoka kwenye kitu kisichohama, anieleze kwa hatua. Kisha nilingoja. Machi ikapita na theluji yake chafu, Aprili ikapita. Kila jioni nilipofika Hässelby mama mwenye nyumba alikuwa akitikisa kichwa kabla sijauliza, naye nikaanza kumchukia kwa kutikisa kichwa. Ramani ikaisha. Wakaichukua wachapaji. Mwezi wa Agosti, zimebaki siku nne nirudi, barua ikafika, imeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa kijiji kipya lakini maneno ni ya mama. Alikuwa amerudi bondeni peke yake na mjomba, nyumba zimeshabomolewa, akamwamuru mjomba amwonyeshe. Kisha akaenda kwenye bikoni, lile jiwe la saruji la wapima ardhi, kwa sababu mimi mwenyewe nilipata kumwambia kwamba dunia yote inaweza kuhama isipokuwa bikoni. Kutoka pale, uso ukielekea mtoni, hatua sitini na mbili. Halafu ugeukie mawio ya jua, hatua tisa. Mashahidi ya kaburi ni mawe mawili mekundu. Nimehesabu mwenyewe kwa miguu yangu, mwanangu, na goti langu unalijua.

Nilikwenda na barua hiyo mbio hadi kwenye chumba cha chini. Nilimwambia Doktari sasa majibu ninayo yote matatu, nani, wapi, siku gani, tuiweke nukta. Akasema ramani imekwisha kuchapwa. Nikamtafsiria hatua zile kwa sauti, nikamwambia iliyochapwa inaweza kuchapwa tena. Akasema haiwezi. Ndipo hasira ya mwaka mzima ikanitoka, ya karani, ya giza la saa tisa, ya wembe, ya samaki wa sukari. Nikaitupa barua mezani kwake, nikamwambia, "Basi iweke huko unakoweka maiti zako." Akaichukua, akainyoosha mikunjo kwa kiganja. "Nitaiweka mahali pake," akasema. Nilidhani ananifukuza kwa adabu ya Kiswidi. Niliondoka bila kuaga, na Jumatatu nilikuwa ndani ya ndege.

Sikuwa na wasiwasi, kwa kuwa mwenye vipimo alikuwa mama. Nilipofika kijiji kipya nilimkuta amezikwa siku kumi na moja kabla. Mjomba naye alikuwa amekwenda kwa watoto wake kusini na hakurudi. Nilikwenda bondeni mara mbili. Matete yalikuwa yamenizidi kimo, bikoni nililikuta, na kutoka pale dunia yote ilikuwa sawa. Hatua ngapi? Nilikumbuka sitini na kitu. Niliisoma barua ile mara moja tu, kwa haraka, nikikimbilia kuitupa. Niliandika Stockholm kuiomba, nikapata karatasi iliyochapwa tayari, kwamba nyaraka hizo si za watu wasio watafiti. Miaka ya themanini nilipokuja tena na kubaki huku, nikafanya kazi ofisi ya ramani ya manispaa mpaka nikastaafu, nilikwenda hadi kwenye dawati lao kuuliza. Doktari alikuwa amestaafu. Wakatafuta kwa jina langu, wakatafuta kwa Tanzania, hakuna. Nikasema moyoni ameitupa, na nikamchukia upya, miaka thelathini zaidi. Kumpigia simu sikumpigia. Alikuwa anakaa vituo sita kutoka kwangu.

Sasa nimeishika kadi. Yule binti alinipa, akisema kwenye kompyuta haina mahali. Kumbe Doktari alifanya alichosema. Aliipanga kwa mto, kama zote: ukipanda kusini, ukimaliza makaburi ya Aswani, unaendelea na safari, linalofuata ni la kwangu. Amekata kipande chenye maneno ya mama na kukibandika, chini yake ameandika kwa herufi zake za kusimama. Aliyeona: mama yake mchoraji. Limepimwa kutoka: jiwe la wapima ardhi. Siku: ile ya barua. Na juu, kwenye mstari wa aliyezikwa, ameandika: jina halijulikani. Mstari huo ulinikasirisha upya mpaka nikakumbuka kwamba hakuniuliza, ni kweli, lakini na mimi sikusema.

Nilimpigia Athumani, mtoto wa kaka yangu, mwalimu wa sekondari huko huko Rufiji. Bikoni analijua, liko ukingoni mwa shamba la mpunga la mtu. Kesho yake asubuhi alinipigia akiwa pale, upepo unavuma kwenye simu, nikamsomea kadi. Akahesabu kwa sauti mpaka sitini na mbili, akageuka, akahesabu tisa.

"Shangazi, nimesimama kwenye majaruba," akasema. "Hapa hakuna kitu."

Nilitaka kumgombeza. Kisha nikakumbuka kwamba Athumani ni mrefu kama mlingoti, na vipimo vile ni vya miguu ya mama. Nikamwambia atembee kama bibi yake. Akasema, "Shangazi, mimi sikumkuta bibi." Na kweli, alizaliwa baadaye. Nikamwambia arudi kwenye bikoni, asiende popote. Nikaweka simu mezani, nikatoa futi kamba yangu ya kazi, nikaingia kwenye korido ili nitembee kama mama, na nilipoinua mguu nikaona sina haja ya kuiga chochote. Kimo ni kile kile. Goti ni lile lile, la kushoto, na linauma vile vile. Nilipiga hatua kumi kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa choo, nikapima: mita nne na nusu. Nikapiga hesabu kwenye bahasha.

Nikamwambia Athumani mita ishirini na nane kuelekea mtoni, na mita nne kuelekea mawio. Nilimsikia akiburuta kwenye majani futi kamba aliyokuja nayo.

"Yapo, shangazi," akasema. "Mawe mawili mekundu. Madogo sana."

Nikamuuliza nani ameona. Akasema mimi, Athumani. Limepimwa kutoka wapi? Akasema kwenye bikoni, shangazi, si umenituma wewe. Siku gani? Leo. Nikamwambia asante baba, afyeke kidogo lakini mawe asiyaguse. Kisha nikaenda kwenye sanduku langu la kazi nikachukua wembe, nikakaa mezani penye mwanga wa dirisha. Nilikwangua neno halijulikani taratibu, nikapalainisha kwa ukucha, na kwa wino mwekundu nikaandika Zuhura.